Ndege ikichelewa, uliza kwanza ilikuwa inatoka wapi

Mhariri,

Msimu wa likizo ukifika, magazeti hujaa picha za abiria waliolala juu ya mabegi yao viwanjani. Habari huishia pale pale: ndege imefutwa, abiria wamefoka, shirika limeomba radhi. Msomaji hapewi taarifa mbili ndogo zinazoamua kama watu wale wanadai mamia ya euro au hawadai hata senti: safari ilikuwa inaanzia nchi gani, na ni shirika la wapi lililokuwa na ndege na marubani siku ile. Naomba waandishi wako wazitafute kila wanaporipoti habari hizi. Naomba pia nafasi ya kueleza kwa nini zina uzito kiasi hicho, maana watu wengi wanaziacha fedha zao kwa kutojua tu.

Kwanza yatenganishwe mambo matatu ambayo hata wahudumu wa kaunta huyavuruga. Kuna nauli: safari imefutwa, huitaki tena, unarudishiwa ulicholipa. Kuna huduma ya kusubiri: chakula, vinywaji, mawasiliano, na hoteli pamoja na usafiri wa kwenda na kurudi ikibidi kulala. Kisha kuna fidia, ambayo ni kiasi maalumu kinacholipwa kwa muda uliopotea. Moja halifuti jingine. Aliyelazwa hotelini kwa gharama ya shirika bado anaweza kudai fidia, na aliyerudishiwa nauli vilevile. Upande wa pili, sababu inayoliondolea shirika fidia hailiondolei chakula na hoteli. Majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull yalipofunga anga la Ulaya mwezi Aprili 2010, lilizuka swali kama shirika linaweza kuwatelekeza abiria kwa kuwa janga ni la dunia. Tarehe 31 Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilijibu kwamba haliwezi: wajibu wa kuwahudumia hauna kikomo cha siku wala cha fedha, mradi gharama ziwe za lazima na za kiasi.

Sheria nzito kuliko zote katika uwanja huu ni Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 17 Februari 2005. Inazihusu pia Norway, Iceland na Uswisi. Ndege yoyote inayoondoka katika uwanja wa nchi hizo inabanwa na kanuni hii, iwe ya shirika la Ulaya, la Afrika au la Ghuba. Ndege inayokwenda huko kutoka nje inabanwa tu kama shirika linaloiendesha ni la Ulaya. Uraia wa abiria hauulizwi, wala anakoishi. Kwa hiyo mtu mmoja, mwenye tiketi moja ya kwenda na kurudi kwa shirika lisilo la Ulaya, hana dai chini ya kanuni hii ndege ikichelewa wakati wa kwenda Ulaya, lakini analo ikichelewa wakati wa kurudi. Mahakama ilikwisha kusema mwaka 2008 kwamba kwenda na kurudi ni safari mbili, hata zikinunuliwa pamoja.

Hapa ndipo wengi huteleza kwa sababu ya namba ya safari. Mashirika huuziana viti: tiketi ina namba ya shirika la kwanza, ndege ni ya shirika la pili. Dai hupelekwa kwa aliyeendesha ndege, si kwa aliyeuza tiketi. Kwenye tiketi tafuta maandishi madogo yanayosema safari inaendeshwa na nani. Ukimwandikia asiyehusika, atakujibu baada ya wiki kadhaa kwamba hahusiki, na muda unakwenda.

Safari za kuunganisha zina kanuni zake, na zinastahili kusomwa kwa utulivu. Kama vipande vyote viko kwenye uhifadhi mmoja (booking moja), vinahesabiwa kuwa safari moja, kuanzia uwanja wa kwanza hadi wa mwisho. Kesi iliyoamuliwa tarehe 31 Mei 2018 ilihusu safari ya Berlin, Casablanca hadi Agadir: kipande cha kwanza hakikuwa na tatizo, abiria alipofika Casablanca akaambiwa kiti chake amepewa mtu mwingine, akafika Agadir akiwa amechelewa saa 4. Shirika lilidai kwamba Casablanca si Ulaya. Mahakama ikasema safari ilianzia Berlin, basi kanuni inatumika. Mwaka 2019 ikaongeza kwamba shirika la Ulaya lililobeba kipande cha kwanza, kutoka Prague hadi Abu Dhabi, linaweza kudaiwa hata kama aliyechelewesha ni shirika jingine lililobeba kipande cha pili hadi Bangkok. Ila mlango huo una upande wa kufungwa: safari ya uhifadhi mmoja inayoanzia nje ya Umoja na kuishia nje ya Umoja, ikipitia tu Ulaya, haimo. Kesi ya mwaka 2022 ilihusu safari kutoka Chisinau kupitia Vienna hadi Bangkok, na abiria hakupata kitu ingawa shirika lilikuwa la Ulaya. Na ukinunua tiketi mbili zisizohusiana ili kubana gharama, ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza kuchelewa, hasara hiyo ya kuunganisha ni yako.

Viwango vyenyewe ni hivi. Umbali usiozidi kilomita 1,500 ni euro 250. Safari za ndani ya Umoja zinazozidi kilomita 1,500, na nyingine zote za kati ya kilomita 1,500 na 3,500, ni euro 400. Zaidi ya hapo ni euro 600. Umbali hupimwa kwa mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, kutoka ulikoanzia hadi ulikokuwa unakwenda, bila kujumlisha mizunguko ya viwanja vya katikati. Bei ya tiketi haina nafasi katika hesabu hii. Aliyelipa euro 40 kwa safari ya kilomita 1,000 anadai euro 250 zake kamili. Kiasi ni kwa kila kichwa, na mtoto mwenye kiti chake kilicholipiwa anahesabiwa sawa na mtu mzima. Anayesafiri bure, au kwa nauli ya punguzo isiyouzwa kwa umma kama ile ya wafanyakazi wa shirika, hayumo. Tiketi iliyolipwa kwa pointi za uaminifu imo.

Kwa ndege iliyochelewa, saa inayohesabiwa ni ya kufika, si ya kuondoka. Kanuni yenyewe iliandika fidia kwa safari zilizofutwa tu. Ni hukumu ya Sturgeon, ya tarehe 19 Novemba 2009, iliyosema kwamba anayefika akiwa amechelewa saa 3 au zaidi amepoteza muda sawa na aliyefutiwa safari, kwa hiyo alipwe vilevile. Ndege iliyoondoka na saa 4 za kuchelewa kisha ikafidia muda angani ikafika na saa 2 na dakika 50 haidaiwi fidia. Na kufika ni lini? Magurudumu yanapogusa ardhi, au ndege inaposimama? Jibu lilitolewa tarehe 4 Septemba 2014 katika safari ya Salzburg kwenda Cologne/Bonn: ndege iligusa ardhi ikiwa imechelewa saa 2 na dakika 58, ikasimama mahali pake ikiwa imechelewa saa 3 na dakika 3. Mahakama ikasema kufika ni pale mlango mmoja wa ndege unapofunguliwa na abiria kuruhusiwa kutoka. Kwa hiyo mlango ukifunguliwa, tazama simu yako, piga picha ya skrini. Dakika tano zimewahi kuamua kesi nzima.

Jambo la kuandika saa nalo lisidharauliwe. Tiketi hutumia saa 24 za uwanja husika. Kwenye fomu andika 14:40 kama ilivyo, usiigeuze kuwa saa 8:40 mchana, wala usichanganye saa ya ulikotoka na ya ulikofika. Madai halali hurudishwa kwa tarakimu zisizolingana na rekodi za shirika.

Safari inayozidi kilomita 3,500, iwapo umefika umechelewa zaidi ya saa 3 lakini chini ya saa 4, fidia inaweza kukatwa nusu, yaani euro 300. Ndivyo ilivyo pia kwa safari iliyofutwa ukapewa ndege nyingine iliyokufikisha bila kupitiliza saa 2, 3 au 4 kulingana na kundi la umbali. Mashirika hupenda kukata nusu hata pasipostahili. Pima mwenyewe kabla ya kukubali.

Kwa safari iliyofutwa, kinachotazamwa ni siku uliyoarifiwa. Ukiarifiwa siku 14 au zaidi kabla, hakuna fidia, ingawa nauli au ndege mbadala ni haki yako. Ukiarifiwa kati ya siku 7 na 14 kabla, shirika linaepuka fidia kama tu ndege mbadala inaondoka si zaidi ya saa 2 kabla ya muda wa awali na kufika chini ya saa 4 baada yake. Chini ya siku 7, mipaka hiyo inakuwa saa 1 na saa 2. Ni juu ya shirika kuthibitisha kwamba lilikuarifu na lini. Kusema tu kwamba barua pepe ilitumwa kwa wakala hakutoshi. Jambo ambalo abiria wengi hawalijui: ndege ikiwahishwa, ikaondoka zaidi ya saa 1 kabla ya muda ulioandikwa, hiyo nayo inahesabiwa kuwa safari iliyofutwa. Hukumu yake ni ya tarehe 21 Desemba 2021.

Sasa kwenye uwanja wa mapambano halisi. Shirika linaepuka fidia likithibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba kulikuwa na mazingira yasiyo ya kawaida, na kwamba lilichukua kila hatua ya busara lakini ikashindikana. Mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Abiria hatakiwi kuthibitisha kwa nini injini iligoma. Pamoja na hayo, barua ya kwanza ya kukataa karibu kila mara huwa na sentensi moja tu, kwamba kulikuwa na "hitilafu ya kiufundi" au "sababu za kiuendeshaji", na watu husoma hapo wakakata tamaa.

Hitilafu ya kiufundi si kinga. Mahakama ilisema hivyo tarehe 22 Desemba 2008, ikarudia tarehe 17 Septemba 2015 kwa kipuri kilichokufa ghafla kabla ya muda wake wa kubadilishwa. Ndege ni mashine, mashine huharibika, na kuitunza ndiyo kazi ya kila siku ya shirika. Kinachoweza kuliokoa ni kasoro ya kiwandani iliyojificha na kutangazwa na mtengenezaji au mamlaka, au hujuma. Ndege kugongwa na ndege wa porini ni kinga, kwa hukumu ya tarehe 4 Mei 2017. Tairi kutobolewa na skrubu iliyokuwa kwenye njia ya kurukia nayo ni kinga, kwa hukumu ya tarehe 4 Aprili 2019. Tazama tofauti: kipuri kinatoka ndani ya kazi ya shirika, skrubu ya barabarani inatoka nje. Ukiishika tofauti hiyo moja, kesi nyingi utaziamua mwenyewe.

Migomo inafuata mantiki ile ile. Waongoza ndege wakigoma, shirika halina mamlaka juu yao, hivyo ni kinga. Marubani wake wenyewe wakigoma kudai mishahara, hapana, na hilo lilisemwa tarehe 23 Machi 2021 kuhusu mgomo wa marubani ulioitishwa na vyama vyao kwa kufuata sheria. Hata wafanyakazi walipojiripoti wagonjwa kwa wingi baada ya shirika kutangaza mpango wa kujipanga upya, mahakama mwaka 2018 ilisema hayo ni matunda ya uamuzi wa shirika. Na rubani kuugua? Tarehe 11 Mei 2023 ilitolewa hukumu juu ya rubani msaidizi aliyekutwa amefariki muda mfupi kabla ya safari. Ni msiba, na hakuna anayemlaumu yeyote, lakini kupanga wafanyakazi wa akiba ni sehemu ya kuendesha shirika, kwa hiyo fidia inalipwa. Mahakama Kuu Zaidi ya Uingereza iliufikia uamuzi wa aina hiyo tarehe 10 Julai 2024 kuhusu rubani aliyeugua.

Hali ya hewa ndiyo sababu inayotumiwa vibaya kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayeweza kubishana na ukungu. Ila ukungu huo ulikuwa wapi, na saa ngapi? Abiria anaweza kupima. Angalia kama ndege nyingine ziliondoka uwanja ule ule ndani ya saa ile ile. Tovuti za kufuatilia ndege huonyesha namba ya usajili ya ndege yako na ilikokuwa asubuhi ile. Mara nyingine utaikuta ilichelewa uwanja mwingine kwa sababu nyingine kabisa. Shirika linaruhusiwa kutaja tukio lililoipata ndege hiyo hiyo katika safari iliyotangulia, mradi kuna uhusiano wa moja kwa moja kati ya tukio na kuchelewa kwako. Dhoruba ya asubuhi haiwezi kueleza ndege ya usiku ikiwa katikati yake ndege ilikaa bure muda mrefu.

Hata kinga ikikubalika, bado kuna hatua ya pili ambayo abiria husahau kuiuliza. Je, shirika lilifanya nini baada ya hapo? Hukumu ya tarehe 11 Juni 2020 inasema kumwambia abiria asubiri ndege ya kesho yake ya shirika hilo hilo hakutoshi, kama kulikuwa na viti kwenye ndege nyingine, hata za washindani, ambazo zingemfikisha mapema zaidi. Sentensi hiyo iwekwe kwenye kila barua ya kujibu kukataliwa.

Ukiwa bado uwanjani, usiondoke mikono mitupu. Shirika linatakiwa kumpa kila abiria aliyecheleweshwa angalau saa 2 karatasi yenye maelezo ya haki zake, iombe. Omba sababu ya kuchelewa kwa maandishi, na mhudumu akigoma, andika maneno aliyosema, saa, na kaunta. Piga picha ya ubao wa safari. Chakula na vinywaji huanza kudaiwa baada ya saa 2 za kusubiri kwa safari fupi, saa 3 kwa za kati, saa 4 kwa ndefu. Usipopewa, nunua kwa kiasi na utunze risiti zenye orodha ya vitu; karatasi ya kadi ya benki inayoonyesha jumla tu huwa inakataliwa, na pombe hailipwi. Kuchelewa kukifika saa 5 unaweza kuamua kutosafiri na kudai nauli, ambayo lazima irudi ndani ya siku 7.

Hapo nitoe tahadhari kwa sauti kubwa. Simu italia, ujumbe utasema bonyeza hapa urudishiwe nauli. Ukibonyeza, umechagua nauli badala ya ndege mbadala, na wajibu wa shirika kukulisha, kukulaza na kukufikisha unakoma saa ile. Mtu aliye mbali na kwao, saa tano usiku, nauli mkononi na tiketi mpya ikiuzwa mara tatu ya bei, amejifungia nje mwenyewe. Kama unahitaji kufika, usiguse kitufe hicho. Dai kupelekwa. Shirika lisipokupa ndege mbadala kabisa, unaweza kununua tiketi nyingine yenye bei ya kiasi na kudai gharama hiyo, ukiwa na ushahidi kwamba uliomba ukapuuzwa. Na usikae nyumbani kwa sababu tu umeambiwa ndege itachelewa: tarehe 25 Januari 2024 mahakama ilisema asiyefika uwanjani kujiandikisha hajapoteza muda unaofidiwa.

Vocha zinakuja na tabasamu. Fidia hulipwa kwa fedha. Vocha ni halali tu ukikubali kwa saini. Kabla ya kugusa vocha ya "pole", soma kama kuna mstari unaosema umepokea malipo kamili na ya mwisho.

Barua ya madai haihitaji ufundi. Weka namba ya safari na tarehe, namba ya uhifadhi, majina ya abiria wote kama yalivyo kwenye pasipoti, viwanja vya kuanzia na kuishia, saa iliyopangwa kufika na saa mlango ulipofunguliwa, umbali kwa kilomita, kiasi kwa kila mtu na jumla yake. Taja Kanuni 261/2004, ibara ya 5 na ya 7 kwa safari iliyofutwa, na ongeza hukumu ya Sturgeon kwa iliyochelewa. Gharama za chakula na hoteli ziandike kando chini ya ibara ya 9, usizichanganye na fidia, vinginevyo watakulipa risiti za chakula na kufunga faili. Malizia na akaunti ya benki na siku ya mwisho ya kujibu. Fomu za mitandaoni za mashirika hukubaliwa, lakini nyingine hazina pa kuweka akaunti isiyo ya Ulaya. Katika hali hiyo tuma barua yenye namba ya SWIFT, inayoitambulisha benki yako kimataifa, na uombe uthibitisho wa kupokelewa. Umepoteza pasi ya kupandia ndege? Uthibitisho wa tiketi unatosha kuanzia. Mahakama ilisema mwaka 2019 kwamba mwenye uhifadhi uliothibitishwa hadaiwi kuonyesha pasi, bali shirika likitaka kumkana lithibitishe kwamba hakuwamo.

Ukikataliwa au ukinyamaziwa takribani miezi miwili, peleka lalamiko kwa mamlaka inayosimamia kanuni hii katika nchi ambamo tatizo lilitokea. Ni bure, ingawa katika nchi nyingi mamlaka hizo hutoa maoni tu, hazilazimishi malipo. Mahakama ndiyo hulazimisha, na abiria anaweza kuchagua ya uwanja wa kuondokea au wa kufikia. Yapo makampuni ya kudai kwa niaba, nayo huchukua mara nyingi robo au theluthi ya fedha, zaidi kesi ikifika mahakamani. Kwa dai ambalo shirika halina la kujitetea, sioni sababu ya kuwapa fungu hilo kabla ya kuandika barua moja mwenyewe. Kwa dai linalobishaniwa, katika nchi usiyoijua lugha yake, wanaweza kustahili.

Muda wa kudai haumo kwenye kanuni. Kila nchi ina wake. Ubelgiji na Poland ni mwaka 1, Uholanzi miaka 2, Ufaransa miaka 5. Ujerumani ni miaka 3 inayohesabiwa kutoka mwisho wa mwaka wa safari, hivyo safari ya Mei 2023 inadaiwa hadi tarehe 31 Desemba 2026. England ni miaka 6, Scotland 5. Uingereza ilipotoka kwenye Umoja ilibaki na kanuni ile ile kwa pauni: 220, 350 na 520, kwa ndege zinazoondoka Uingereza na zile zinazoingia huko kwa mashirika ya Uingereza au ya Umoja.

Yapo mazungumzo ya kuibadilisha kanuni ya Ulaya. Mwezi Juni 2025 mawaziri wa uchukuzi walikubaliana msimamo wa kupandisha kikomo cha kuchelewa kutoka saa 3 hadi saa 4, na saa 6 kwa safari ndefu, huku fidia ikiwa euro 300 na 500. Msimamo huo peke yake si sheria. Unahitaji kukubaliwa na Bunge la Ulaya. Shirika lisikujibu kwa kunukuu pendekezo.

Nje ya Ulaya picha ni tofauti. Marekani haitoi fidia ya kuchelewa, ila tangu mwaka 2024 safari ya kimataifa ikifutwa au ikichelewa saa 6 au zaidi, saa 3 kwa za ndani, abiria anayekataa kusafiri lazima arudishiwe nauli bila kuomba. Canada inalipa: mashirika makubwa hutoa dola 400 za huko kwa kuchelewa saa 3 hadi 6, 700 hadi saa 9, na 1,000 zaidi ya hapo, kwa sababu zilizo ndani ya uwezo wa shirika na zisizohusu usalama, na dai lipelekwe ndani ya mwaka 1.

Kwa safari ambazo haziguswi na sheria yoyote kati ya hizi, umebaki Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu safari za kimataifa kati ya nchi zilizouridhia, nazo ni nyingi. Haugawi kiasi maalumu. Unalipa hasara uliyoithibitisha kutokana na kuchelewa: usiku wa hoteli uliopotea, tiketi ya treni iliyopita muda, chakula. Kikomo chake tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 6,303 kwa abiria, na SDR 1,519 kwa mizigo, SDR ikiwa kizio cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) ambacho kimoja kina thamani inayozidi dola moja ya Marekani. Shirika linajinasua likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote zilizotakiwa kwa busara kuzuia hasara. Abiria wa Ulaya naye anaweza kuutumia juu ya fidia yake, kwa hasara iliyozidi, ingawa mahakama inaweza kupunguza kimoja kutoka kwa kingine.

Mizigo ina tarehe zake kali. Begi lililoharibika liandikiwe lalamiko ndani ya siku 7 tangu kulipokea, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa, na fomu unayojaza uwanjani ni taarifa ya tukio. Tuma na barua ya madai, ibaki na tarehe. Kesi mahakamani ifunguliwe ndani ya miaka 2 tangu siku ya kufika. Barua pepe za kubembelezana na shirika hazisimamishi saa hiyo, na ikipita, haki yenyewe imekufa.

Ni mimi,
Mshauri wa madai ya abiria wa ndege